Shule ya Wasichana ya Mbweni: Je, Umepata Kuisikia?

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mwalimu wetu wa historia alitueleza sana habari za Kiungani, kile chuo cha wavulana cha Unguja kilichohamia Minaki mwaka 1925. Siku moja nikanyosha mkono, nikauliza: je, wake wa hao walimu na mapadre wa zamani, wao walisoma wapi? Darasa zima likacheka. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema, "Nadhani Mbweni," kisha akaendelea na somo lake. Neno lile "nadhani" halikunitoka. Leo nataka nikueleze niliyoyapata baadaye.

Mbweni ni mahali pa pwani, maili nne hivi kusini ya mji wa Unguja. Misheni ya UMCA, iliyofika kisiwani mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, ilinunua shamba huko mwaka 1871. Wakati ule manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yenye watumwa. Juni 1873 Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa, lakini biashara ya siri haikukoma, na watu waliokamatwa majahazini walikabidhiwa kwa Balozi wa Kiingereza. Kuwarudisha makwao halikuwa jambo jepesi. Wengi walitoka mbali sana, upande wa Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, na watoto wengine walikuwa wadogo hata wasiweze kutaja nchi yao. Basi Balozi aliwatoa wengi kwa Misheni. Watu wazima walipewa viwanja Mbweni, wakajenga kijiji na kulima. Wavulana walipelekwa Kiungani. Wasichana wakajengewa shule pale pale Mbweni, ikaitwa Shule ya Mtakatifu Maria.

Mimi kazi yangu ni kuandika daftari za parokia. Kila mtoto anapoletwa kubatizwa naandika jina lake, kisha jina la baba, kisha jina la mama. Sijapata kusita katika nafasi hizo mbili ila mara chache. Hebu fikiri karani wa siku zile amekaa mezani, na mbele yake wamesimama watoto waliotolewa jahazini, na wengi wao hawajui la kujibu! Mtoto wa namna hiyo alipewa jina jipya, mara nyingi la Kizungu, akalala bwenini pamoja na wenzake waliotoka makabila mengine na kusema lugha nyingine. Kiswahili ndicho kilichowafanya ndugu.

Jengo lilikuwa kubwa, la mawe na chokaa, lenye orofa na ua katikati, na kikanisa chake ndani. Aliyelisimamia ni Edward Steere, ambaye mwaka 1874 akawa Askofu; wengi mnamjua kwa vitabu vyake vya lugha ya Kiswahili. Mwaka 1877 akaja Bibi Caroline Thackeray, binamu ya yule mwandishi wa hadithi William Makepeace Thackeray. Bibi huyu aliiongoza shule miaka 25, hata 1902, na alipoacha kazi hakurudi kwao. Alikuwa amenunua nyumba ya Sir John Kirk, aliyekuwa Balozi, iliyo karibu na shule, akaishi pale Mbweni mpaka kufa kwake mwaka 1926.

Sitaki kuipamba shule hii kupita kiasi. Haikuwa sekondari kwa maana tunayoijua sasa. Tena wasichana hawakutendewa sawasawa. Walioonekana wepesi wa akili walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu, Maandiko na Kiingereza, na waliofika mbele walifanywa walimu. Wengine, hasa waliokuja wakiwa wakubwa, walitiwa upande wa kazi: kufua, kupika, kushona, kusuka mikeka na kulima. Mimi niliyefundishwa ualimu naona ilikuwa hukumu ya haraka mno. Mtoto aliyetoka katika giza la jahazi, asiyejua lugha ya mwalimu, utajuaje wepesi wake?

Hata hivyo tazama matunda. Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa, kutoka Mbweni mpaka Masasi, wakaanzisha makao huko. Baadaye wasichana wa Mbweni walikwenda bara, Masasi na Bonde, wengine wakiwa walimu, wengine wake wa walimu waliotoka Kiungani. Fikiri maana yake, msomaji. Katika vijiji ambamo hapana mtu aliyepata kuona mwanamke akishika kitabu, alifika mwanamke Mwafrika, akakaa barazani, akasoma. Vitabu vya historia vinamtaja Padre Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani na kupewa upadre mwaka 1890. Wanawake hao, wengi wao huandikwa "na mkewe", basi.

Kisha mambo yakabadilika. Majahazi ya watumwa yalizidi kupungua, na mwaka 1897 utumwa ukaondolewa katika sheria ya Unguja. Wasichana waliobaki walikuwa zaidi ni watoto wa watu wa kijijini Mbweni. Kati ya Wazungu wa Misheni wenyewe walikuwapo waliosema kwamba msichana aliyelelewa katika nyumba ya mawe hataweza maisha ya kijiji cha bara, na kwamba kusoma kwingi kunamtia kiburi. Maneno hayo sisi tunayajua. Hata bibi yangu aliyasikia alipotaka kumpeleka mama shuleni.

Mwaka 1920 majengo ya Mbweni yaliuzwa. Mimi nimezilinganisha tarehe hizi mbili mara nyingi: 1920 na 1925. Chuo cha wavulana kilipoonekana hakifai tena kukaa Unguja, kilitafutiwa mahali pengine na kujengewa, kikaendelea na jina lake la Mtakatifu Andrea. Shule ya wasichana haikujengewa Minaki yake. Najua fedha zilikuwa chache baada ya ile vita ya 1914 mpaka 1918. Lakini fedha zikiwa chache ndipo mtu anapoonyesha kipi anakipenda.

Ukipata safari ya Unguja, nenda Mbweni. Shule imekuwa magofu. Paa hakuna, na miti imeota kati ya kuta, ila matao bado yamesimama ukiitazama bahari. Baadaye palijengwa hoteli pembeni yake. Lakini anza kwanza kwa kanisa la Mtakatifu Yohana, lile la watu wa kijiji, ambalo halikuuzwa. Kwenye makaburi yake utaliona kaburi la Bibi Thackeray, lenye jina. Zunguka polepole na kwa mengine.