Kubadili jina la methodi si kutafuta neno na kuweka jingine

Eclipse, IntelliJ IDEA na zana nyingine za kuandikia programu zina amri ya kubadili jina la methodi. Wengi huichukulia kama kubadili neno kwenye barua, ilhali kazi yake ni nzito kuliko hivyo.

Chukua programu ya benki yenye klasi Akaunti na methodi yake toa. Klasi AkauntiYaAkiba imeirithi Akaunti, lakini imeandika toa yake yenyewe, inayozuia salio lisishuke chini ya kiwango. Sasa mtu aingie kwenye klasi mtoto peke yake, abadili toa iwe punguza. Kompaila inaweza kukaa kimya kabisa, maana mtoto bado ana toa aliyorithi kwa mama. Msimbo wote unaoita toa utaangukia kwenye hiyo ya mama, na mteja atachota akiba yake hadi senti ya mwisho.

Ndiyo maana zana makini hupanda kwanza hadi pale methodi ilipoanzia, kisha hushuka kwenye matawi yote. Ikikuta klasi inayotekeleza intafesi mbili zenye methodi hiyohiyo, itazibadili zote mbili pamoja na kila klasi iliyofungamana nazo. Ikifika kwenye methodi ya maktaba, mathalani toString ya Java, haina budi kukataa.

Ninaloliogopa zaidi ni jina jipya kugongana na jina ambalo mama analo tayari. Methodi iliyokuwa ikijitegemea inageuka kuwa mbadala wa ile ya mama, bila mtu kukusudia, na programu inaendelea kufanya kazi, ila kazi isiyo yake. William Opdyke, katika tasnifu yake ya mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Illinois, alitaka kila badiliko liwe na masharti ya kukaguliwa kabla msimbo haujaguswa. Zana isiyokagua mgongano huu usiiamini.

Wanaotumia Java waweke @Override, alama iliyokuja na Java 5 mwaka 2004, juu ya kila methodi inayochukua nafasi ya ile ya mama. Kwa alama hiyo, kosa letu la punguza lingenaswa na kompaila papo hapo. Lakini jina la methodi lililoandikwa kama maandishi matupu, tuseme ndani ya faili la mipangilio, kompaila haiwezi kulijua. Hapo tafuta kwa jicho lako jina la zamani kwenye mradi mzima.