Maneno ya Mwenge si ya kukariri tu, jamani!

Mpenzi msomaji, hebu msimamishe mwanafunzi yeyote wa sekondari huku kwetu Matiri, umwambie akupe maneno ya Mwalimu Nyerere kuhusu Mwenge juu ya Kilimanjaro. Atayamwaga yote bila kumeza mate. Sasa muulize yana maana gani. Hapo utamwona anakuna kichwa!

Mimi niliishia kidato cha nne, cheti cha ualimu sina. Lakini vijana wa jirani wakija jioni na madaftari yao, ile hotuba tunaikoboa kama kahawa ya Mbinga.

Kwanza nawauliza: nani anasema, wapi, lini? Ni Nyerere, ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, tarehe 22 Oktoba 1959. Gavana ni Mwingereza. Uhuru wenyewe ulikuja 9 Desemba 1961. Kumbe anayetawaliwa ndiye anayetaka kuwamulikia wengine! Mwombaji anaongea kama mtoaji. Hapo wote kimya.

Pili, maneno yamepangwaje? Yanakwenda mawili mawili, yanapingana: tumaini na kukata tamaa, upendo na chuki, heshima na dharau. Kwa nini heshima imekaa mwisho? Binti mmoja akanijibu: "Kaka, mtu ukimpenda halafu bado unamwita boi, hujampa kitu." Si mchezo!

Tatu, kwa Kiingereza Mwalimu alitaja mshumaa, Kiswahili kikatupa mwenge. Je, ni kitu kimoja? Mshumaa ni wa mezani, upepo kidogo tu umezimika. Mwenge hukimbizwa. Waache wabishane, maana ubishi huo ndio uchambuzi wenyewe.

Nne, "nje ya mipaka" ni wapi? Sisi wa Ruvuma hatuhitaji ramani. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji, iliyotawaliwa na Mreno hadi 25 Juni 1975, na wakimbizi wake walivuka kuja kwetu. Wazee wapo, waulizeni.

Ukishafika hapo, walete Marekani. Tarehe 28 Agosti 1963, mjini Washington, Martin Luther King alihutubia watu wapatao 250,000. Kila mtu anaikumbuka ndoto yake. Lakini kabla ya ndoto alizungumzia hundi: weusi wameipeleka benki, wakaambiwa fedha haitoshi. Mmoja kachukua taa, mwingine kachukua hundi. Kwa nini? Nyerere alidai nchi ambayo bado haijazaliwa. King alidai haki ambayo nchi yake ilikwisha kuiandika, ikakataa kuilipa. Kijana akiuona mwanya huo, mpe maksi zake zote.

Walimu wetu, najua mtihani unawakimbiza. Lakini anayekariri atampigia makofi kila mwenye kipaza sauti. Anayechambua atauliza: unasema na nani, unaahidi nini, atalipa nani? Msimu wa kampeni ukifika, bwana, ndipo utakapojua yupi kati yao amesoma.