Redio ya Jiwe

Wageni wanaokuja kwangu hapa Hamburg wakiiona ile redio juu ya ubao, swali ni lile lile: ya nini kujisumbua, na redio dukani rahisi hivi? Wengine hudhani ni ubahili. Wanakosea, na wananiudhi. Kwetu sisi watu wa redio ya ridhaa, kujiundia kipokezi cha kwanza ndiko jando letu, ndiko unyago wetu.

Huanza na koili. Unatafuta kopo la karatasi ngumu (Wamarekani wa miaka ya 1920 walipenda makopo ya oti), unalizungushia waya wa shaba uliopakwa vanishi, mzunguko ubavuni mwa mzunguko, bila kupandana. Vidole vinauma. Mtu akikusemesha, hesabu inapotea. Kisha jiwe la galena, na juu yake ncha ya waya mwembamba, sharubu la paka, unayoigusisha hapa na pale ukitafuta penye uhai. Betri hakuna. Nguvu inayotikisa visikizio ni ya mawimbi yenyewe, yaliyonaswa na waya mrefu wa nje na kushushwa ardhini. Unabana pumzi, mara sauti ya mtu inakuja, hafifu kama ya jirani nyuma ya ukuta. Nilipoisikia mara ya kwanza nililia.

Mwaka 1944, askari wa Marekani waliobanwa Anzio, Italia, waliunda redio zao mahandakini kwa wembe na pini, wakasikia muziki. Redio ya namna hiyo hairushi chochote, kwa hiyo adui hakuweza kuinasa. Hao nao walikuwa wabahili?

Mbele ya jando hilo la kujiundia kipokezi, kadi tunazotumiana watu wa ridhaa baada ya kuwasiliana hewani, na namba 73 tunayoagania, ni mapambo tu.

Kinachoniuma ni kwamba redio ya jiwe huishi kwa stesheni za AM, nazo zinazimwa. Deutschlandfunk iliacha mawimbi ya kati mwisho wa 2015; France Inter ikaacha mawimbi marefu mwaka uliofuata. Kilichobaki kinafunikwa na mivumo ya chaja na taa za LED.

Binti yangu alipofikisha miaka kumi nilimfundisha. Koili aliizungusha mwenyewe, waya tukautundika kutoka dirishani hadi mtini. Akavaa visikizio, akagusisha sharubu kwenye jiwe, akahamisha, akahamisha tena. Nami nikimtazama usoni.

“Mama,” akasema, “hamna mtu.”