Faili za Picha: Mnene, Mbanaji na Maskini wa Rangi

Unene hauna mshindani: ni BMP. Kwa kawaida faili hili huandika rangi ya kila nukta bila kubana chochote. Picha ya nukta 4,000 kwa 3,000, yaani megapikseli 12 za simu ya kawaida, hula baiti tatu kwa kila nukta, jumla megabaiti 36. Sioni sababu ya kuhifadhi picha za harusi humo.

Taji la kubana namvisha JPEG, kiwango cha mwaka 1992. Hisabati yake inatokana na kazi ambayo Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, aliichapisha na wenzake mwaka 1974. Picha hukatwa vipande vya nukta 8 kwa 8, kisha hutupwa yale ambayo jicho huyaona kwa shida. Rangi hupunguzwa zaidi kuliko mwanga, maana macho yetu ni mepesi kwa mwanga. Megabaiti 36 zinaweza kushuka hadi 4 au 5, na mtazamaji asishtuke. Lakini kilichotupwa hakirudi. Ihariri picha na kuihifadhi upya mara nyingi, utaona ukungu ukizizingira herufi.

Maskini wa rangi ni GIF, iliyotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987: rangi 256 tu kwa fremu. Umaskini huo haukuizuia kutawala vichekesho vinavyochezacheza kwenye simu zetu. Kilichoitikisa ni hataza. Mwishoni mwa 1994 ilitangazwa kwamba watengeneza programu za GIF watalipia mbinu yake ya kubana, mali ya kampuni ya Unisys. Wataalamu wakaja juu, wakaunda PNG, iliyoidhinishwa Oktoba 1996. Ndiyo tajiri wa orodha hii: inaweza kubeba rangi zaidi ya trilioni 281, na haipotezi hata nukta moja. Hasira imewahi kuzaa matunda mabaya kuliko haya.

WebP ya Google, ya mwaka 2010, kwa kawaida huishinda JPEG kwa wembamba, ila haivuki nukta 16,383 kwa upande. JPEG hufika 65,535.

SVG haina nukta kabisa. Huchora kwa hesabu, hivyo mchoro uleule hutosha kadi ya biashara na bango la barabarani. Ukimlipa msanifu akuchoree nembo, usikubali kukabidhiwa JPEG peke yake. Dai na SVG.