Neno "Lie" la Kiingereza: Kulala au Kudanganya?

Mtu ajifunzaye Kiingereza hukutana mapema na neno fupi la herufi tatu, "lie", ambalo hutamkwa "lai". Akiuliza maana yake, mmoja atamwambia kuwa ni kusema uwongo, na mwingine atamwambia kuwa ni kulala. Wote wawili wamesema kweli. Lakini asiyejua kuzitenga maana hizo mbili aweza kujivunjia heshima bila ya kukusudia.

Tuchukue mfano. Karani ameshikwa na homa, akalala kitandani siku tatu. Aliporudi kazini alimwandikia mkubwa wake barua ya Kiingereza kueleza udhuru wake, na ndani yake akaandika "I lied in bed". Alidhani amesema, "Nililala kitandani". Kumbe aliyoyaandika ni haya: "Nilisema uwongo nikiwa kitandani". Barua iliyokuwa ya kumtetea imekuwa shahidi juu yake!

Sababu ya matata haya ni kwamba hapa hapana neno moja lenye maana mbili, bali yapo maneno mawili yanayofanana. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu iliyopita, kulala kuliitwa "licgan" na kudanganya kuliitwa "leogan". Miaka ilipopita matamshi yalibadilika, na maneno hayo yakakaribiana hata yakawa sawa kwa sauti na kwa herufi. Jambo hili si geni kwetu. Kwa Kiswahili twasema kaa la moto, kaa wa pwani, na kaa kitako, wala hatuchanganyikiwi. Tukisikia "kaa huyu" twajua ni mnyama wa baharini. Tukisikia "kaa hili" twajua ni la jikoni.

Waingereza nao wana alama yao, nayo ni wakati uliopita. Aliyedanganya jana, husemwa "lied". Aliyelala jana, husemwa "lay". Na ikiwa amekwisha kulala, husemwa "lain". Basi karani wetu angaliandika "I lay in bed", pasingalikuwa na neno.

Lakini hapo pana mtego wa pili. Lipo neno jingine "lay", maana yake kuweka au kulaza, ambalo wakati uliopita ni "laid". Kuku atagapo yai, Kiingereza hutumia neno hilo hilo. Mswahili hana haja ya kuogopa, maana lugha yake imekwisha kumfundisha tofauti hiyo. Mtoto amelala mwenyewe: hiyo ni "lie". Mama amemlaza mtoto: hiyo ni "lay". Akikumbuka kulala na kulaza hatapotea, ijapokuwa Waingereza wenyewe wengi hukosea hapo.

Tena kulala huku si kwa mwili tu. Mji ukiwa kando ya mto, Mwingereza husema mji huo "walala" hapo. Kosa likiwa la fulani, husema kosa "lalala" kwake. Hata katika sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, zikiwamo za Kenya, rufani husemwa kuwa "yalala" kwenye mahakama fulani, maana yake ni kwamba mtu ana haki ya kuipeleka huko. Basi msomaji akikuta "no appeal shall lie", asifikiri kuwa sheria yakataza uwongo. Yamwambia kwamba hana ruhusa ya kukata rufani, na hilo ni jambo zito la kujua mapema.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika neno "lying", kwa kuwa hapo maneno yote mawili huwa sawa kabisa. Shahidi akisemwa "he was lying", yawezekana alikuwa amelala chini, na yawezekana alikuwa akisema uwongo. Hapo hukumu haimo katika neno lenyewe, bali katika maneno yanayolifuata na habari inayosimuliwa. Mkalimani mwangalifu asipopata hakika, huuliza kwanza.

Wakubwa pia wamenaswa na neno hili. Katika mwaka 1604 Sir Henry Wotton, balozi wa Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, alikuwa safarini kwenda Venice. Alipofika mji wa Augsburg katika Ujerumani, aliandika mzaha katika kitabu cha kumbukumbu cha rafiki yake, kwamba balozi ni mtu mwema aliyepelekwa ugenini kudanganya kwa faida ya nchi yake. Kwa Kiingereza mzaha huo ungalikuwa na pande mbili, kwa kuwa siku zile "lie" lilikuwa na maana ya kukaa mahali pia. Lakini Wotton aliuandika kwa Kilatini, na Kilatini hakikuchukua ila upande mmoja, ule wa kudanganya. Mwaka 1611 adui wa Mfalme aliutangaza katika kitabu. Mfalme akakasirika, na Wotton ikambidi aandike barua za kujitetea. Alipata kusamehewa, lakini alikuwa amelipa sana kwa neno moja.

Basi, msomaji, ukutanapo na neno hili usifanye haraka. Tazama wakati wake, kisha tazama maneno yaliyo jirani yake. Na ukisikia mtu akisema kwa Kiingereza kwamba ndugu yako "is lying", usikunje ngumi kabla ya kusikia mwisho wa maneno. Huenda ndugu yako amejilaza kivulini tu, na usingizi si uwongo.