Baridi ya Timboroa na Joto la Mbegu

Reli ya zamani inayotoka Nakuru kwenda Eldoret hufika kileleni karibu na Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya viazi, ukungu na kondoo. Mfugaji wa huko akimtazama kondoo dume alfajiri, huona mfuko wa korodani umejikunja, ngozi imekaza na kupanda karibu na tumbo. Jua la saa saba likiwaka, mfuko uleule umelegea na kuning'inia. Mwanamume naye ameumbwa hivyo, na kutokana na maumbile hayo nina hoja moja: kazi ya kutengeneza mbegu za kiume ni nyepesi kuharibika, hata kwa nyuzi chache za joto, kwa hiyo mimba isipopatikana nyumbani hakuna msingi wowote wa kisayansi wa kumpeleka mke peke yake hospitalini.

Kila korodani imejaa vijirija vyembamba vilivyokunjwakunjwa, ambavyo vikinyooshwa na kuunganishwa vitafika mamia ya mita. Mbegu huanza kuumbwa kwenye kuta za vijirija hivyo, safari ya takriban siku 74, kisha huingia kwenye epididimisi, mrija mmoja wa karibu mita 6 uliosokotwa nyuma ya korodani, na humo ndimo zinamokomaa na kupata nguvu ya kuogelea. Kazi hiyo yote inahitaji joto la nyuzi 2 hadi 4 chini ya zile 37 za mwili. Ndiyo maana ngozi ya mfuko ni nyembamba, haina mafuta chini yake, na ina tezi nyingi za jasho. Msuli uitwao kremasta huzivuta korodani juu wakati wa baridi na kuziachilia wakati wa joto. Linalonistaajabisha zaidi ni mpangilio wa mishipa: ateri inayoteremsha damu ya moto imezungukwa na wavu wa vena zinazopandisha damu iliyopoa, na damu ile ya moto hupokonywa joto lake njiani kabla haijafika kwenye korodani.

Ushahidi kwamba ubaridi huu ni wa lazima ni wa miaka mingi. Mnamo 1924 Carl Moore wa Chuo Kikuu cha Chicago aliifunika mifuko ya kondoo dume ili joto lisitoke, na vijirija vya mbegu vikadhoofika. Miongo kadhaa baadaye, huko Toulouse, Ufaransa, Roger Mieusset na wenzake waliwapa wanaume waliojitolea chupi maalumu zilizozisukuma korodani juu hadi kwenye kinena kwa saa nyingi kila siku. Joto lilipanda kwa takriban nyuzi 2 tu, na idadi ya mbegu ikaporomoka. Walipoacha kuzivaa, mbegu zilirudi baada ya miezi kadhaa. Maradhi nayo yanatuonyesha jambo lilelile. Mtoto wa kiume ambaye korodani zake hazijashuka hupendekezwa afanyiwe upasuaji kabla ya kutimiza miezi 18, kwa kuwa kuzichelewesha tumboni huharibu uwezo wake wa kuzaa baadaye. Halafu kuna varikoseli, kuvimba kwa vena za korodani, ambako huwapata wanaume wapatao 15 katika kila 100, hasa upande wa kushoto, na huvuruga ule wavu wa vena unaopoza damu, joto la korodani likapanda.

Kuna pingamizi linalostahili jibu. Ndovu korodani zake zimo tumboni, na pimbi vilevile. Jogoo, mwenye mwili wa moto kuliko wetu, naye anazaa bila shida. Je, habari hii ya joto si imetiwa chumvi? Hapana. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba baadhi ya jamaa wa ndovu, akiwemo nguva wa Amerika, bado wana mabaki ya jeni zinazoongoza kushuka kwa korodani. Mababu zao basi walikuwa na korodani zilizoshuka, na uzao wao ukaacha njia hiyo. Kila mnyama ana joto linalofaa mbegu zake, na la binadamu limepimwa kwa binadamu mwenyewe. Wala baridi ya Timboroa si kinga. Msuli wa kremasta hufidia hali ya hewa, lakini hauna dawa ya saa nyingi za kukaa. Dereva wa trela anayepita hapo kutoka Mombasa kwenda Malaba hubana mapaja juu ya kiti chake kutwa nzima, na vipimo vya madereva nchini Ufaransa vilionyesha kwamba kuendesha gari kwa saa kadhaa hupandisha joto la mfuko kwa karibu nyuzi 2.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaume wenyewe: nina ndevu, sauti nzito na nguvu kitandani, nitakuwaje na tatizo? Nalichukulia kwa uzito kwa sababu limewaumiza wanawake wengi wasio na hatia. Sauti, ndevu na hamu hutokana na testosteroni, inayotengenezwa na seli za Leydig, zilizo kando ya vijirija na zinazostahimili joto kuliko mbegu. Wingi wa manii pia si kipimo, kwa sababu sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwenye vifuko vya manii na tezi dume; mchango wa korodani haufiki sehemu moja ya kumi. Mwanamume anaweza basi kuwa timamu katika kila analoliona na asiwe na mbegu hata moja. Kuwa na mtoto wa zamani hakumalizi mjadala, maana varikoseli au maambukizi yanaweza kuja baadaye. Katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mwanamume ana sehemu yake katika sababu.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko vingi anavyopitia mwanamke: mume hukaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, hutoa manii kwenye kikopo, na maabara huhesabu mbegu na kutazama mwendo na umbo lake. Majibu yakiwa mabaya hurudiwa, mara nyingi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu zinazoonekana leo zilianza kuumbwa majira yaliyopita. Mkazi wa Timboroa aliyeugua malaria Kisumu mwezi wa Machi, homa ikamchemsha kwa siku tano, anaweza kupimwa Eldoret mwezi wa Mei akakuta mbegu chache, na mwezi wa Agosti akakuta zimerudi.