Nzi wa Kaharabu na Droo za Lwiro

Sokoni Kavumu, Kivu, mashariki mwa Kongo, nzi hana rafiki. Mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza humfukuza kwa kipande cha katoni tangu asubuhi, na hakuna anayejali ni nzi wa jamii gani. Kilomita chache kutoka hapo, katika kituo cha utafiti cha Lwiro, mdudu huchomwa pini, huandikiwa mahali na tarehe aliyonaswa, kisha hufungiwa kwenye droo kama hati ya shamba.

Droo za namna hiyo ndizo zinazomwezesha mwanasayansi kumtambua nzi ambaye hakuna binadamu aliyewahi kumwona akiruka: yule aliyezama ndani ya utomvu wa mti mamilioni ya miaka iliyopita na kubaki humo hadi leo. Kila mwaka majarida ya sayansi hutangaza spishi mpya za nzi wa kaharabu, kutoka Myanmar, Lebanoni, pwani za Baltiki na Jamhuri ya Dominika. Afrika hutajwa mara chache. Sababu moja ni kwamba kaharabu ya bara hili haijatafutwa vya kutosha. Nyingine ni kwamba hata nzi wetu walio hai hatujamaliza kuwajua.

Mtego usiochagua, lakini unaopendelea

Mti ukijeruhiwa na upepo, moto au mdudu anayetoboa gome, hutoa utomvu kuziba kidonda. Usubi akitua hapo hanasuki tena. Utomvu mwingine hushuka juu yake na kumfunika. Tone huanguka, hufukiwa na udongo au matope, na polepole mafuta yanayonukia hutoka huku kilichobaki kikishikamana na kuwa kigumu. Katika hatua ya kati kitu hicho tunakiita sandarusi. Ikipita mamilioni ya miaka, huwa kaharabu. Ndani yake vinyweleo vya miguu, mishipa ya mabawa na hata vijicho vidogo vinavyounda jicho la nzi huonekana vizuri kwa darubini.

Katika kaharabu ya Baltiki, wadudu wa mabawa mawili, yaani nzi, mbu, usubi na jamaa zao, ni karibu nusu ya viumbe wote walionaswa. Mwaka 2012 timu iliyoongozwa na Alexander Schmidt wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, ilichambua matone 70,000 hivi ya kaharabu kutoka milima ya Dolomiti, Italia, yenye umri wa miaka milioni 230. Ilipata utitiri wawili wadogo, na hata humo nzi mmoja hakukosekana.

Wingi wa nzi katika kaharabu usitudanganye. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Mónica Solórzano Kraemer walichapisha matokeo ya kazi iliyofanywa Madagascar, kwenye misandarusi iliyo hai. Walilinganisha wadudu walionaswa na utomvu na wale walionaswa kwa mitego ya kawaida msituni. Utomvu ulionyesha hasa wakazi wa shina la mti na jirani zake. Kwa hiyo tone la kaharabu linatupa habari za mtaa mmoja tu wa msitu. Na jambo hilo halikujulikana kwa kukodolea macho kaharabu, bali kwa kuwahesabu wadudu wa leo, walio hai, chini ya mti ulio hai.

Ethiopia: milioni 95 zilizopungua

Mfano wa karibu zaidi na sisi unatoka Ethiopia. Mwaka 2010 Schmidt na wenzake walitangaza kaharabu kutoka nyanda za juu za nchi hiyo, ikiwa na wadudu na buibui 30, nzi wakiwamo, pamoja na mabaki ya kuvu. Waliikadiria kuwa na umri wa miaka milioni 93 hadi 95, enzi ya dinosaria. Habari ilivuma, kwani sehemu hii ya Afrika haikuwa na dirisha kama hilo la kutazama maisha ya zama zile.

Lakini kulikuwa na mambo yasiyokaa sawa. Kikemia, kaharabu ile ilifanana na utomvu wa miti ya maua ya jamii ya kunde, kundi la msandarusi wenyewe, na hilo lilikuwa geni kwa zama hizo. Viumbe waliomo nao walifanana mno na wa leo. Chavua ya kwenye miamba ilipochunguzwa upya na viumbe hao kulinganishwa na jamaa zao walio hai, umri ulishuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ulioongozwa na Valentine Bouju, uliuweka kati ya miaka milioni 16 na 23.

Mtu anaweza kudhani kaharabu ya Ethiopia imeshushwa cheo. Sivyo. Wadudu wa kaharabu wa kipindi hicho barani Afrika walikuwa hawajulikani, na ndicho kipindi ambacho misitu na savana za Afrika Mashariki zilikuwa zinaanza kuchukua sura tunayoijua. Nzi wa Ethiopia sasa anazungumza na nzi wetu moja kwa moja, bila kupitia kwa dinosaria. Aliyemsaidia kupata umri wake halisi ni jamaa yake wa leo, aliyekwisha kupewa jina na kuhifadhiwa.

Sandarusi: tuliuza mti, tukauza na mdudu

Waswahili wa pwani waliijua biashara hii zamani. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa kwenye pwani ya bara inayokabili Unguja, kutoka Bagamoyo hadi Rufiji, ikapitia Zanzibar kwenda Ulaya, India na Marekani, ambako mji wa Salem ulikuwa na karakana ya kuisafisha. Ilitengenezewa vanishi ya mabehewa na samani. John Kirk, Mskoti aliyekuwa Zanzibar, aliihusisha sandarusi ya ardhini na msandarusi ulio hai. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mbelgiji Fernand Meunier alieleza nzi waliofungwa katika sandarusi ya Zanzibar na ya Madagascar.

Kongo nayo ilikuwa na yake. Katika mabwawa ya Équateur na pande za ziwa Mai-Ndombe, wanavijiji wa zama za ukoloni walitafuta kopali, yaani sandarusi, kwa kuchoma matope na mikuki mirefu. Maelfu ya tani yalisafirishwa, yakayeyushwa kuwa vanishi, na wadudu waliokuwamo wakayeyuka pamoja nayo. Utomvu wa viwandani ulipoenea baada ya Vita Vikuu vya Pili, soko lilikufa.

Leo sandarusi inauzwa tena, safari hii kwa jina la kaharabu. Njia rahisi ya kuikamata ni tone la asetoni au la pombe kali: sandarusi hunata, kaharabu hubaki kavu. Wanasayansi pia hupima umri kwa kaboni. Kopali ya Madagascar, ambayo wauzaji waliisifu kuwa ya mamilioni ya miaka, ilipimwa na timu ya Xavier Delclòs, na matokeo ya mwaka 2020 yakaonyesha ina miaka mia chache tu. Walionunua kipande chenye nzi wa enzi za dinosaria walikuwa na nzi wa enzi za babu.

Kwa sayansi hata nzi huyo ana thamani kubwa, maana anaonyesha msitu wa Madagascar kabla haujakatwa. Ila thamani hiyo hupotea pale anapouzwa bila kujulikana alichimbwa wapi.

Watu wa Kivu wanaelewa haraka madini yasiyo na asili iliyoandikwa yanakwenda wapi. Kaharabu ya Myanmar, yenye miaka milioni 99 na nzi wengi ajabu, hutoka jimbo la Kachin, ambako jeshi liliteka maeneo ya migodi mwaka 2017. Mwaka 2020 chama cha wanasayansi wa visukuku, Society of Vertebrate Paleontology, kiliwaomba wahariri wa majarida wasitishe kuchapisha tafiti za visukuku vya kaharabu iliyotoka huko tangu wakati huo.

Kutoka Colorado hadi Lwiro

Kisa kinachofunga hoja ni cha mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20, Theodore Cockerell alichunguza visukuku vya Florissant, jimbo la Colorado, Marekani, katika mwamba wenye miaka milioni 34 hivi. Humo alimtambua mbung'o, ndugu wa nzi anayeeneza malale Afrika. Leo mbung'o hawaishi Marekani. Cockerell aliweza kusema ni yeye kwa sababu mbung'o wa Afrika walikuwa wameshakusanywa na kuelezwa, mshipa kwa mshipa wa bawa. Kisukuku cha Colorado kilisomwa kwa ufunguo wa Kiafrika.

Lwiro ni mahali pa kutunzia funguo kama hizo. Kituo kilianzishwa na taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947 chini ya Louis van den Berghe. Leo ni kituo cha utafiti wa sayansi asilia, CRSN. Kutoka huko watu kama Narcisse Leleup walikusanya wadudu wa milima ya Kivu, na jirani ya kituo ni mbuga ya Kahuzi-Biega, yenye msitu unaoanzia nyanda za chini hadi vilele vya zaidi ya mita 3,000. Msitu wa namna hiyo una usubi na vijinzi vingi ambavyo bado havina jina.

Vita vya 1996 na 1998 vilipita katika eneo hili. Februari 2025 waasi wa M23 waliteka uwanja wa ndege wa Kavumu kabla ya kuingia Bukavu. Makusanyo ya wadudu hayahitaji risasi ili yaangamie. Unyevu wa ziwa Kivu, ukungu na vijidudu vinavyokula vielelezo vikavu vinatosha, endapo umeme utakatika na mtunzaji akakosa kazi.

Ndiyo maana kazi ya kaharabu ya Afrika haianzii kwenye shimo la mchimbaji. Inaanzia kwa mtu anayejua nzi wa Kahuzi-Biega na anayeweza kusema huyu tunaye, huyu hatujawahi kumwona. Wafadhili hupenda kisukuku kwa sababu hupiga picha nzuri. Fedha zao zingezaa zaidi kama zingeanza na pini, karatasi za kuandikia mahali na tarehe, chumba kikavu, na mshahara wa kila mwezi wa mtunza droo.